Dennis Weaver, kutoka Gunsmoke hadi nyumba ya matairi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dennis Weaver alikuwa nani?

Alikuwa mwigizaji wa Marekani aliyejulikana kwanza kama Chester, yule msaidizi anayechechemea katika Gunsmoke, tamthilia ya kauboi iliyorushwa na kituo cha CBS kuanzia 1955 hadi 1975. Miaka ya 1970 alirudi na kofia pana akiwa askari McCloud, katika tamthilia yenye jina hilo. Wapenzi wa filamu humjua zaidi kwa Duel. Lakini ukiwauliza watu wa Ridgway, mji mdogo ulioko milimani katika jimbo la Colorado, watakuambia habari za jirani aliyejenga nyumba kwa matairi yaliyotupwa na makopo ya soda. Majibu haya yanagusa pande zote mbili za maisha yake, ila ule upande wa pili nimeupa nafasi kubwa, kwa sababu naamini ndio unaostahili kukumbukwa zaidi na ndio unaosahauliwa upesi.

Alizaliwa wapi?

Joplin, Missouri, tarehe 4 Juni 1924. Jina lake kamili lilikuwa William Dennis Weaver. Utoto wake uliangukia miaka ya Mdororo Mkuu wa uchumi, wakati ambapo mtu wa sehemu zile hakutupa kitu ambacho bado kingeweza kutumika. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto alijiunga na Jeshi la Majini, akafunzwa urubani. Oktoba 1945 alimuoa Gerry Stowell, wakajaaliwa watoto watatu wa kiume: Rick, Robby na Rusty. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo chake, zaidi ya miaka 60. Katika tasnia ya filamu ya Hollywood hilo si jambo dogo.

Ni kweli kwamba nusura aende Olimpiki?

Kweli. Alisoma sanaa za maigizo Chuo Kikuu cha Oklahoma, na hapo hapo alikuwa nyota wa riadha. Mwaka 1948 alishiriki majaribio ya kuchagua timu ya Marekani ya dekathlon, yaani ile michezo kumi ambayo mwanariadha huikamilisha kwa siku mbili. Alimaliza wa sita. Waliochukuliwa walikuwa watatu wa kwanza, na mshindi alikuwa kijana wa miaka 17 aitwaye Bob Mathias, aliyekwenda London na kurudi na dhahabu. Weaver akabaki New York, akaamua kujaribu uigizaji. Alijifunza katika Actors Studio, akawa mwigizaji wa akiba katika jukwaa la Broadway, na mwaka 1952 mwigizaji mwenzake Shelley Winters akamsaidia kupata mkataba na studio ya Universal.

Aliingiaje Gunsmoke?

Kwa njaa, tuseme ukweli. Mkataba na Universal haukumtoa kimaisha. Alikuwa na mke na watoto, akauza mashine za kufyonza vumbi, akauza baiskeli za watoto za magurudumu matatu, akauza soksi za wanawake. Mwaka 1955, alipoitwa kwenye Gunsmoke, kazi yake ilikuwa kupeleka maua kwa wateja kwa ujira wa dola 60 kwa wiki. Gunsmoke ilimpa dola 300 kwa wiki. Kufikia anaondoka, mwaka 1964, alikuwa analipwa dola 9,000 kwa wiki.

Gunsmoke yenyewe ilianza kama mchezo wa redio mwaka 1952. Huko redioni Chester aliitwa Chester Proudfoot na sauti yake ilikuwa ya Parley Baer. Ilipohamia kwenye televisheni jina likabadilika kuwa Chester Goode, na Weaver akamjenga upya mhusika huyo tangu sauti hadi mwendo.

Chester alikuwa na mguu mbovu kweli?

Mhusika, ndiyo. Mwigizaji, hata kidogo, na hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Matt Dillon, mlinzi wa sheria wa Dodge City, alichezwa na James Arness, jitu la futi 6 na inchi 7. Watayarishaji walitaka awe na msaidizi asiyeshindana naye. Shida ni kwamba Weaver naye alikuwa mrefu, kijana, mwenye mwili wa mwanariadha aliyekosa Olimpiki kidogo tu. Mtazamaji angejiuliza: huyu kijana mwenye nguvu mbona anabaki ofisini kuchemsha kahawa wakati bosi wake anatoka kupambana na majambazi? Weaver akapata dawa. Mguu wa kulia wa Chester ungekuwa mkavu, usiokunjika gotini. Mara moja nafasi ya Chester ikaeleweka, na hakuna aliyehitaji kuielezea.

Ukitaka kujua alijitwisha nini, nyoosha mguu mmoja usiukunje, halafu jaribu kuvua buti. Jaribu kuinama uchochee moto. Jaribu kupanda farasi mbele ya kamera, kwa haraka, bila goti kusaliti uongo wako. Yeye alifanya hivyo kwa miaka tisa. Aliufanyia mazoezi mwendo ule jinsi mwanariadha anavyofanyia mazoezi mchezo wake, na mwaka 1959 alipewa Tuzo ya Emmy kama mwigizaji msaidizi bora. Ile sauti yake ya kuvuta akiita "Mister Dillon" iliigizwa na watoto nchi nzima.

Kwa nini aliondoka basi, wakati mambo yamemnyookea?

Aliogopa kubaki Chester maisha yake yote. Alitaka kuwa mhusika mkuu. Hatua ya kwanza haikufanikiwa: Kentucky Jones, ambamo alicheza daktari wa mifugo, iliishia msimu mmoja. Kuanzia 1967 hadi 1969 alikuwa kwenye Gentle Ben, akicheza afisa wa wanyamapori anayeishi na familia yake kwenye vinamasi vya Everglades, Florida, pamoja na dubu mkubwa aliye rafiki wa mwanawe. Ilikuwa tamthilia ya watoto, lakini tayari pale unamwona mtu anayelipwa kuulinda msitu na viumbe wake.

Kisha ikaja McCloud, kuanzia 1970 hadi 1977 kwenye kituo cha NBC. Ni habari za askari wa Taos, New Mexico, anayepelekwa kufanya kazi New York na kofia yake ya kauboi na buti zake, akiwashangaza wenyeji kwa namna anavyofumbua kesi. Taos hiyo ikumbuke, maana itarudi kwenye maisha yake kwa sababu nyingine kabisa.

Alikuwa na uongozi wowote miongoni mwa waigizaji?

Alikuwa rais wa chama cha waigizaji wa filamu, Screen Actors Guild, kuanzia 1973 hadi 1975.

Alianza lini kujali mazingira?

Hakuna siku moja unayoweza kuinyooshea kidole. Tangu 1958, akiwa bado Chester, alikuwa ameacha kula nyama, na enzi zile katika Marekani ya nyama choma, tena kwa mtu anayecheza kauboi, huo ulikuwa uamuzi wa kumfanya mtu aonekane wa ajabu. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Paramahansa Yogananda, mwalimu wa kiroho kutoka India aliyefia Los Angeles mwaka 1952. Alifanya yoga na kutafakari, na alizoea kuhutubia waumini wenzake katika hekalu la Lake Shrine, Pacific Palisades.

Kwa hiyo wanaosema kwamba alizeeka, akakosa kazi, akatafuta la kufanya, hawakumfuatilia. Mbegu ilikuwa ardhini miaka 30 kabla ya nyumba ya matairi. Na kabla ya mazingira alishughulika kwanza na njaa.

Njaa ipi hiyo?

Ya Los Angeles. Mwaka 1983 yeye na mwigizaji Valerie Harper walianzisha shirika waliloliita L.I.F.E., kifupi cha maneno yenye maana kwamba upendo ni kumlisha kila mtu. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleweka. Maduka makubwa ya chakula yalikuwa yakitupa kila siku vyakula ambavyo bado vinalika: mkate wa jana, matunda yenye doa, makopo yaliyobonyea. Upande wa pili wa mji huo huo familia zilikuwa zinalala bila kula. Shirika likachukua vya huku likavipeleka kule, kupitia vikundi vya mitaani. Lilipokomaa lilikuwa linafikia watu wapatao 150,000 kwa wiki katika wilaya ya Los Angeles. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alimtunuku Weaver tuzo ya rais ya kupambana na njaa.

Nataka msomaji akae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mawazo yake yote ya baadaye yalipoanzia. Alichokiona kwenye maghala yale ni kwamba tatizo halikuwa uhaba. Chakula kilikuwepo, tena kingi, lakini mfumo ulikuwa umekihesabu kuwa takataka. Mtu akishaliona hilo kwenye mkate, hachukui muda kuliona kwenye tairi.

Hiyo nyumba ya matairi ilijengwaje?

Ilijengwa mwaka 1989 nje kidogo ya Ridgway, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, chini ya milima ya San Juan. Aina hii ya nyumba huitwa Earthship, na aliyeibuni ni Michael Reynolds, msanifu majengo wa Taos, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akijaribu kujenga kwa taka. Watu wengi wa taaluma yake walimwona kama mtu aliyepotea njia. Weaver alimwamini, akampa kazi, kisha akaruhusu ujenzi upigwe filamu ili kila mwenye televisheni aone hatua kwa hatua.

Tairi kuukuu linalazwa chini. Mtu mmoja anamwaga udongo kwa koleo, mwingine anaushindilia kwa nyundo kubwa, akizunguka tairi lote, mpaka mpira unatuna na kuwa mgumu kama jiwe. Tairi moja humeza zaidi ya kilo 100 za udongo, na likishajaa halinyanyuki tena, ndiyo maana linajazwa pale pale litakapokaa. Linalofuata linapangwa juu kwa kupishana, vile vile fundi anavyopishanisha tofali. Nyumba ya Weaver ilichukua matairi yapatayo 3,000. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya tani 300 za udongo, zilizoshindiliwa tairi moja baada ya jingine. Kuta za ndani, ambazo hazibebi paa, zilijengwa kwa makopo ya alumini kama 300,000 yaliyolazwa kwenye saruji. Mwisho vyote vilipigwa plasta, na mgeni aliyeingia hakuona tairi wala kopo.

Nyumba kama hiyo inapataje joto bila heta?

Kwa jua na unene wa kuta. Upande wa nyuma umefukiwa ndani ya kilima. Upande wa mbele ni vioo vitupu vinavyotazama kusini, kwa sababu Colorado iko kaskazini ya ikweta na wakati wa baridi jua hupita chini upande wa kusini. Miale inaingia hadi ndani kabisa, inazipasha kuta mchana kutwa, na usiku kuta zinaurudisha ule ujoto polepole. Kiangazi jua linapanda juu, miale haifiki mbali, na ndani kunabaki baridi. Umeme ulitoka kwenye paneli za sola.

Kwa wanaouliza kama ramani hiyo hiyo itafaa Afrika Mashariki: wazo linafaa, ramani haifai kunakiliwa. Njombe au Limuru, ambako usiku watu hujifunika mablanketi mawili, ukuta mnene unaohifadhi joto una maana. Mombasa au Tanga utajipikia mwenyewe ndani. Pwani inataka upepo upite. Na kuhusu matairi, wa kwetu hawahitaji kufundishwa kuyapa maisha ya pili, kila aliyevaa katambuga au akala analijua hilo.

Si unafiki, mtu tajiri kujenga jumba kubwa na kuliita rafiki wa mazingira?

Swali ni la haki na lisikwepwe. Nyumba ile ilikuwa na karibu futi za mraba 10,000. Watu wawili ambao watoto wao wameshakua hawahitaji nafasi yote hiyo. Saruji ilitumika, vioo vingi vilitumika. Kama lengo lingekuwa kupunguza matumizi tu, nyumba ndogo ingeshinda. Wapo pia walioingiwa na wasiwasi kuhusu kemikali za mpira. Wajenzi hujibu kwamba kinachoharibu tairi ni jua na hewa, na ndani ya ukuta uliopigwa plasta vyote viwili havilifikii.

Mimi namtetea kwa sababu moja. Kabla yake, nyumba za namna hii zilionekana ni za watu wa porini wasio na fedha. Weaver alikuwa na fedha za kujenga chochote, kwa marumaru na mbao za thamani, naye akachagua taka. Hilo lilibadilisha mazungumzo. Mwenye benki, mkaguzi wa majengo wa wilaya na fundi wa kawaida walilazimika kuiangalia tena nyumba ya matairi kama nyumba. Baada ya filamu ile, wazo la Reynolds lilifika mbali sana kuliko jangwa la Taos.

Taasisi ya Ecolonomics ilikuwa inafanya nini?

Aliianzisha mwaka 1993, huko huko Colorado. Jina aliliunda mwenyewe kwa kuunganisha ikolojia na uchumi. Hoja yake alirudia kila alipopewa kipaza sauti: uchumi unaokula ardhi na maji yake utaanguka, na utunzaji wa mazingira unaowafukarisha watu hautadumu, kwa hiyo ni lazima kutafuta kazi na biashara ambazo faida yake inatokana na kutunza. Taasisi ilitoa elimu, ikatembelea vyuo, ikazungumza na wenye viwanda.

Wakati ule kulikuwa na wanaharakati walioona kwamba kuzungumza na wafanyabiashara ni kujiuza. Weaver hakuona hivyo. Alikuwa ameshauza soksi mlango kwa mlango akiwa na watoto wa kulisha, na alijua kwamba mtu mwenye deni la kodi ya nyumba huwezi kumshawishi kwa kumwambia habari za ndege na misitu peke yake. Kwa maoni yangu hapa ndipo alipowatangulia wengi. Leo kila serikali inazungumzia ajira za kijani. Yeye alikuwa anaisema hoja hiyo miaka ya mwanzo ya 1990, mbele ya watu waliokuja kumwona Chester.

Na ule msafara wa magari?

Akiwa anakaribia miaka 80, aliongoza msafara wa magari yanayotumia nishati mbadala kutoka Los Angeles hadi Washington, kuvuka bara zima. Alitaka Wamarekani waone kwa macho yao kwamba gari linaweza kwenda bila kutegemea petroli, na alizungumza sana juu ya haidrojeni. Historia imegeuka kidogo: kwa magari madogo ni betri zilizokwenda mbele, haidrojeni imebaki nyuma. Alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, hata kama dawa iliyoshika ni nyingine.

Kulikuwa na mwingine wa Gunsmoke aliyefuata njia kama hiyo?

Ndiyo, Amanda Blake, aliyecheza Miss Kitty, mwenye baa ya Dodge City. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la ustawi wa wanyama la Arizona mwaka 1971, na nyumbani kwake Phoenix yeye na mumewe walifuga na kuzalisha duma, mnyama tunayemjua vizuri sisi wa mbuga za Serengeti na Maasai Mara, na ambaye ni mgumu sana kuzaa akiwa kifungoni. Alifariki 1989, mwaka ule ule matairi ya Ridgway yalipokuwa yanashindiliwa.

Alifariki lini, na kuna mahali pa kumkumbuka?

Alifariki nyumbani Ridgway tarehe 24 Februari 2006, kutokana na saratani, akiwa na miaka 81. Hadi mwishoni alikuwa akifanya kazi. Mwaka 2005 alikuwa kwenye Wildfire, tamthilia ya vijana na farasi. Pembezoni mwa mto Uncompahgre, Ridgway, ipo hifadhi yenye jina lake, yenye njia za miguu na sanamu kubwa ya tai ya shaba. Ardhi hiyo ilitolewa ili ibaki wazi kwa watu na wanyama.

Nitazame nini kwanza?

Duel, ya 1971. Iliongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24, ikatengenezwa kwa ajili ya televisheni, na baadaye ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema nje ya Marekani. Weaver ni mfanyabiashara wa kawaida ndani ya gari jekundu, na nyuma yake kuna lori la mafuta, kuukuu, lenye moshi mweusi, linalomfukuza barabarani bila sababu yoyote, na uso wa dereva hauonekani kamwe. Karibu filamu nzima inabebwa na uso wake peke yake. Ukimaliza hapo, tafuta vipindi vya Gunsmoke vya rangi nyeusi na nyeupe vya kati ya 1955 na 1964, na umtazame akishuka kwenye farasi na ule mguu mmoja ulionyooka.